Mwali Hatoki Nusu

Kwetu Masyeto watu hawaulizani wameamkaje. Ukimkuta mtu asubuhi unamuuliza amelalaje, naye atakujibu amelala salama, hata kama alikesha akitetemeka. Neno lile la kuamka tulilifukuza tangu Mwali alipochimbiwa shimo lake, na watoto wetu wamekua bila kulisikia. Mama akitaka mwanawe atoke kitandani husema "inuka", au humvuta mguu. Ni ujinga, najua. Chumvi haina masikio. Mimi Ambakisye ndiye niliyemtandikia Mwali mabomba yake yote, lakini hata mimi nilikuwa silitamki.

Mwali ni tangi. Limechimbiwa ubavuni mwa mlima, kubwa kama kanisa letu, limezungushiwa majani makavu na udongo, na ndani yake kuna chumvi ya siki, ile inayopikwa kwa siki na magadi. Kiangazi tunaielekezea vioo mpaka inayeyuka na kuwa maji mazito. Hapo ndipo ujanja wake ulipo. Ikipoa taratibu, bila kuguswa na kitu, inasahau kuganda. Inabaki maji, imelala, na joto lote lililoiyeyusha limo humo humo limejificha, hulipati kwa mkono wala kwa kipimajoto. Sasa iangushie punje moja ya chumvi ya ukoo wake ambayo imekwisha kuganda. Itaganda yote kwa mkupuo, na katika kuganda itayatapika yale yote iliyoyameza, maana hakuna kitu kinachoganda bila kutoa joto kililolimeza kilipoyeyuka. Maji ya mabomba yangu yanapita katikati yake, yanalibeba joto hilo na kulipeleka linakotakiwa.

Ndiyo maana tukamwita Mwali. Anakaa ndani, haonwi ovyo, na siku akitolewa ametolewa. Huwezi kumwambia atupe kidogo leo na kidogo mwezi ujao. Akishatoka, joto lake linavuja siku baada ya siku, ulitumie usilitumie, mpaka anabaki jiwe jeupe linalongoja jua jingine limyeyushe.

Na jua ndilo hatuna. Lipo, lakini lipo nyuma ya Utando, ule unga ambao mataifa yenye ndege yaliunyunyiza juu kabisa ya mawingu ili dunia ipoe. Dunia ikapoa. Hawakutuuliza sisi watu wa Uporoto, ambao hata kabla ya hapo tulikuwa tunalala na makoti. Mwaka huu vioo vyetu vilifanikiwa kuyeyusha tangi moja tu, huyo Mwali, na mengine yote yalibaki mawe. Misitu tulishaimaliza. Mabenchi ya kanisa yalishachemshia viazi. Mtambo wa gesi ya samadi ulizimika wenyewe, kwa sababu vijidudu vinavyoichachusha samadi navyo vinataka joto, na sisi hatukuwa na la kuvigawia.

Basi kabla kipupwe hakijakaza tuliitana mkutanoni, tukaamua kwamba Mwali ni wa viazi vya mbegu. Kiazi cha mbegu kikishikwa na sakitu, ile baridi ya mwisho inayogeuza umande kuwa kioo, kinaoza ghalani, na asiye na mbegu hana mwaka. Mwali angengoja mpaka sakitu ije, ndipo atolewe alipashe ghala joto. Aliyesimama kulitetea azimio hilo alikuwa Subilaga, mlinzi wa Mwali, mjane wa marehemu kaka yangu. Shemeji yangu huyo ni mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, na siku hiyo alisema machache kama kawaida yake: kwamba njaa ya mwakani haina wa kuisemea mkutanoni, kwa hiyo yeye ataisemea. Watu wakampigia makofi. Binti yake Tusekile alikuwa amekaa mstari wa mbele na tumbo lake, akipiga makofi pia.

*

Tusekile alijifungua zahanati, kabla ya siku zake, akalazwa huko huko. Kilikuwa kitoto cha kike, chepesi kama kuku aliyekwisha kunyonyolewa, na kilio chake kilikuwa cha kupokea kwa sikio la karibu. Walimpa jina la Lusubilo, ambalo kwa Kinyakyusa ni tumaini. Mimi niliguna. Kumpa mtoto jina la namna hiyo katika mwaka wa namna hii niliona ni kumchokoza Mungu, na nikasema hivyo, na shemeji akaniambia nikachezee mabomba yangu.

Siku ya pili akaja Bibi Sekela, jirani yetu, kumtilia mtoto moto. Zamani, wanasema, mama akijifungua jirani alimletea kaa la moto kutoka jikoni kwake. Kaa hakuna tena, lakini desturi haikufa. Siku hizi kila nyumba ina kopo lake la chumvi ya siki, iliyotoka zamani na kugeuka jiwe, na jirani anakwangua hapo punje chache, anazifunga katika pindo la kanga, anakuja nazo. Bibi Sekela alizigusisha kwenye paji la mtoto, kisha kifuani pa mama yake, halafu akamwinamisha Subilaga na kumpaka nyingine utosini, katikati ya misuko, kama nyanya wa mtoto anavyopakwa. Akasema maneno yake: moto wa kwetu uwe wa kwenu. Tukaitikia.

Mlinzi wa Mwali anaijua hatari ya punje hizo kuliko mtu yeyote, na haendi kazini nazo. Kila asubuhi, kabla ya kuingia kwenye nyumba ya tangi, Subilaga huvua nguo zote, hunawa mwili mzima kuanzia shingoni kwa maji baridi yanayouma, huvaa gauni la kazi linalokaa hapo hapo mlangoni na kofia ya kitambaa inayobana mpaka masikioni. Alifanya hivyo siku ile na siku zilizofuata, na Mwali akaendelea kulala. Kofia ilibana, na misuko chini yake ilikuwa imekazwa vizuri.

*

Mtoto hakupata joto. Mwili wa mtu ni jiko, chakula kinaungua humo polepole bila moshi, na Tusekile alikuwa amepoteza damu nyingi na alikuwa anakula nusu ya kiazi asubuhi na nusu jioni kama sisi sote. Alimlaza mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, lakini jiko lake mwenyewe lilikuwa linazimika. Akachoka, akapokea Subilaga. Akachoka Subilaga, tukapokeana sisi wengine. Mimi nilichoma kitanda changu kwa ajili ya mtoto yule, tukachemsha maji na kuyatia kwenye chupa na kumzungushia, na kwa jioni ile moja alipata rangi na kunyonya. Kesho yake vidole vyake vikawa vya buluu tena, na sikuwa na kitanda kingine.

Ndipo Tusekile alipomwambia mama yake. Mimi nilikuwepo, nikishindilia matambara kwenye ufa wa dirisha, na natamani nisingekuwepo.

"Mama, mtoe Mwali."

Subilaga alikuwa amembeba mtoto ndani ya sweta. Hakuinua uso.

"Mwali hatoki nusu, mwanangu."

"Najua hatoki nusu. Mtoe wote."

"Na viazi?"

"Mama, mimi naongea habari za mjukuu wako."

Subilaga alivuta sweta akamfunika mtoto utosini. Kisha akaanza kusema, kwa sauti ile ile anayotumia mkutanoni, kwamba katika mji huu kuna watoto wengine, na mwakani watakuwepo bado, na watataka kula. Kwamba akimtoa Mwali kwa ajili ya mjukuu wake mwenyewe, sakitu itakapokuja atasimama wapi. Tusekile akamsikiliza mpaka mwisho, akageukia ukuta.

Nilimfuata shemeji nje. Nilimwambia kwamba koki iko mikononi mwangu, na kwamba bomba la zahanati lipo tangu zamani, limepita chini ya uwanja wa kanisa, ni kugeuza mkono tu. Yeye alete punje na mimi nigeuze koki, tutukanwe wote wawili. Alinitazama kwa macho mekundu. Aliniambia kwamba usiku wote amekuwa akiliwaza hilo, na kwamba kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine labda angemtoa, lakini huyu ni wake, kwa hiyo hawezi. Sikumwelewa wakati ule. Nadhani sasa namwelewa, na kumwelewa hakujanisaidia kitu.

Mwenyekiti alipopata habari kwamba amekataa, alimsifu mbele ya watu. Akasema mchelea mwana kulia, mwisho hulia yeye. Nilitamani kumpiga. Ni methali ya kumrudi mtoto mtundu, siyo ya kumwambia mtu ambaye mjukuu wake anapoa.

*

Tulichokuwa nacho kilikuwa maji. Ghalani kwetu ni desturi, baridi ikiwa ya kawaida, kupanga mabeseni ya maji kati ya marundo ya viazi. Maji yakiganda nayo hutoa joto lake, kidogo, lakini hutoa, na yakiwa bado yanaganda chumba hakishuki chini ya hapo. Subilaga akakusanya mabeseni ya mtaa mzima, ndoo, sufuria, hata lile karai la kuogea maiti, akayajaza maji na kuyazungusha kitanda cha Tusekile. Yalikuwa mengi mpaka hapakuwa na pa kukanyaga. Watu waliokuja kuwaona walisimama mlangoni.

Asubuhi nilipoingia, maji yote yalikuwa yameganda mpaka chini. Nilipiga la kwanza kwa ngumi, likalia kama jiwe. La pili hivyo hivyo. Yalikuwa yametoa yote yaliyokuwa nayo. Tusekile alikuwa amekaa kitandani amemshika mwanawe, na Subilaga alikuwa amewashika wote wawili, na hapakuwa na haja ya kuniambia.

Nililia. Nina mvi na nililia kwa sauti, na sioni aibu.

*

Kwetu mfiwa hasuki. Wanawake walikuja, Bibi Sekela mbele yao, wakamkalisha Subilaga kwenye kigoda na kumfumua nywele, msuko mmoja baada ya mwingine, huku wakiimba ule wimbo wa chini kwa chini. Walimfumua kwa upole sana. Nywele zikasimama zimetawanyika, na hakuna aliyekumbuka kilichokuwa kimepakwa humo siku ya kutilia moto, kwa sababu kilio na furaha ni siku mbili tofauti na akili ya mtu haiziunganishi.

Walipomaliza, aliinuka akaenda kazini. Walimsihi apumzike, akasema Mwali hajui msiba. Mlinzi hukagua kila siku bila kukosa, kwa sababu mvuke ukiganda kwenye kifuniko na kudondoka unaweza kuleta balaa. Nilimsindikiza, nikabaki mlangoni. Nilimwona akivua, akinawa kwa yale maji, akivaa gauni, akivuta kofia. Nywele zilikuwa nyingi kuliko siku zote, zilikataa kuingia, akawa anazisukuma kwa vidole. Sikuona kitu cha ajabu. Mwanamke amefiwa, nywele zimefumuliwa, kofia haitoshi. Alifunua tundu la kukagulia, akainama.

Hakupiga kelele. Aliniita tu, "Shemeji," na nilivyoisikia sauti yake nikaingia na viatu vyangu vya matope, kwa sababu nilijua hapakuwa tena na sababu ya kuvivua.

Kwenye yale maji meusi palikuwa na nyota nyeupe ndogo. Tulipokuwa tunaitazama ikatoa miiba, miiba ikatoa miiba, ikatambaa huku na huku haraka kuliko mtu anavyotembea, na nyuma yake kila kitu kilikuwa cheupe na kigumu. Ilikuwa nzuri. Lazima niliseme hilo, ingawa silipendi. Kisha hewa ya vuguvugu ikapanda kutoka kwenye tundu na kutugusa usoni, na Subilaga akaegemea ukuta na kuteleza mpaka chini. Alikuwa ameweka kiganja utosini, akipapasa, akipapasa, akitafuta punje nyingine, kama vile ingemfaa nini.

Mji mpaka leo unasema ni machozi yake yaliyodondoka humo. Wengine wanasema Mwali alimhurumia. Si kweli. Chumvi ya machozi si ukoo wake, ungeweza kulilia tangi lile mwaka mzima lisitikisike. Ilikuwa ni punje ya Bibi Sekela, ya moto wa kwetu uwe wa kwenu. Lakini sijamwambia Bibi Sekela, na shemeji naye hajamwambia.

*

Mwenyekiti alikuja mbio akitaka joto lipelekwe ghalani, haraka, lisipotee bure. Nilimweleza, kwa adabu niliyoweza kuipata, kwamba viazi vikipashwa joto sasa vitadhani mvua imekaribia na vitachipua, na sakitu ikija itazikuta chipukizi laini, na hapo vitakufa upesi kuliko ambavyo vingekufa vimelala. Viazi havikuhitaji joto leo. Leo aliyelihitaji alikuwa amefunikwa shuka. Mwenyekiti akauliza basi tufanye nini. Nikamwambia hakuna cha kufanya, maji yamemwagika. Nikaenda kuifungua koki ya zahanati, maana angalau huko kulikuwa na wazee.

Watu walijaa zahanati. Walivua makoti, nikaona mikono ya watu ambayo sikuwa nimeiona tangu kipupwe kianze. Mtu mmoja akacheka kwa kitu fulani, kisha akajikumbuka akaziba mdomo. Siwalaumu. Joto ni joto, ngozi haiulizi limetoka wapi. Lakini kila mmoja wao alijua kwamba sakitu bado haijaja, na kwamba itakapokuja, Mwali atakuwa jiwe la baridi, na ghalani patabaki yale mabeseni. Na mabeseni tulishayaona yanavyofika mwisho.

Tusekile alikuja kutoka chumba cha pili, amejishika ukuta. Akaweka viganja vyote viwili kwenye bomba na kuviacha hapo. Mama yake alikuwa kwenye kona, nywele zimesimama, hakuna aliyethubutu kukaa karibu naye.

"Mama," akasema Tusekile, "ni joto lile lile?"

"Ni lile lile."

Tusekile akaitikia kwa kichwa. Hakuondoa mikono.

*

Ilibaki kuzika. Tulikwenda makaburini na majembe, na ardhi ikayakataa. Tulipiga mpaka mpini wa jembe langu ukapasuka, tukapata shimo la kupandia haragwe. Vijana wakasema mtoto awekwe stoo mpaka masika, kama wengine waliotangulia. Nilimwona Tusekile uso.

Nikawaambia wanifuate. Uwanjani mwa kanisa, pale bomba la zahanati linapopita, mchanga ulikuwa umebadilika rangi. Ulikuwa mweusi, umelowa. Nilichomeka jembe la mtu na likaingia lote, bila kelele. Tukachimba kando ya bomba, na udongo ulitoka ukifuka mvuke, na harufu yake ilikuwa ya shamba siku ya mvua ya kwanza, harufu ambayo baadhi ya waliosimama pale walikuwa wameisahau. Walisogea karibu na shimo. Wengine walivua viatu.

Ilikuwa sehemu pekee ya Masyeto ambapo jembe lilikuwa linaingia, na tuliipata kwa joto ambalo, kama lingetoka siku chache tu kabla, pengine tusingelazimika kuchimba. Nilikuwa nalijua hilo kila nilipoinua udongo. Subilaga naye alikuwa analijua. Alisimama ukingoni akishika pindo la kanga ya binti yake, kama mtoto anavyomshika mama.

Mchungaji alisoma, akafupisha kwa sababu ya baridi. Tukamshusha Lusubilo, tukamlaza ubavu wake wa kulia karibu kabisa na bomba. Nilitambaa mpaka kwenye koki iliyo hapo hapo uwanjani na kuifungua yote, ingawa kufanya hivyo kulikuwa kunawapunguzia wazee siku zao za joto, na hakuna aliyeniuliza ninafanya nini.

Kabla hatujafukia, Tusekile alipiga magoti akaingiza mkono shimoni, akaugusa udongo ule wenye uvuguvugu, akalitamka neno lile wazi mbele ya mji mzima.

"Amka, mwanangu. Joto limefika."

Watu walishtuka, Bibi Sekela akaziba mdomo wake kwa mikono miwili, na wengine wakageuka kutazama mlimani kwenye nyumba ya tangi, kwa mazoea tu. Kisha wakakumbuka kwamba Mwali ameshatoka, na kwamba Masyeto nzima haikuwa na kitu kingine kilicholala isipokuwa mtoto huyo. Tukangoja kidogo, wote, kama watu wasio na akili. Halafu Subilaga akachukua koleo mkononi mwangu akaanza kufukia.